Kilomita za Mama

Kila alasiri akitoka shuleni Hilla alifanya mambo yale yale. Alikung'uta theluji viatuni, akawasha jiko la kuni, akamenya viazi, kisha akakaa na hesabu zake mpaka Baba aliporudi kutoka msituni, alikoendesha mashine ya kukata magogo. Wakala. Baba akauliza, "Shule?" Hilla akajibu, "Nzuri." Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Mama alifariki mwezi wa Oktoba, na sasa ilikuwa Februari. Hilla, mwenye miaka kumi na mitatu, hakulia mazikoni wala baadaye. Majirani pale Kuhmo, mji wetu mdogo wa misituni kaskazini, walimsifu kuwa ni jasiri. Yeye alijua si ujasiri hata kidogo. Ndani mwake mlikuwa mmeingia ganzi, na mtu mwenye ganzi hata ukimfinya hasikii. Alikula bila kusikia ladha, akalala bila kuota.

Uani lilisimama gari jekundu la Mama. Mama alikuwa muuguzi wa kuwatembelea wazee majumbani mwao, na kwa miaka kumi na minane gari hilo lilizunguka naye vijiji vyote vya wilaya. Baba hakuweza kulitazama. Siku moja, macho yakiwa kwenye sahani, alisema, "Liuzwe." Lakini mshale wa spidi ulikuwa umekufa, na gari la namna hiyo halipiti ukaguzi. Ndipo akaitwa Mjomba Reijo, kaka yake Mama, fundi wa kujifundisha mwenyewe na msemaji kuliko ukoo mzima.

Jumamosi Mjomba alifika na kibao cha mita alichokichomoa kwenye gari bovu la aina ileile, katika yadi ya vyuma chakavu. Alikuwa amekifunga ndani ya sweta kuukuu.

"Hilla, njoo huku! Mikono yangu hii ni makoleo, haiingii nyuma ya dashibodi. Wewe una vidole vya mwizi."

"Vya fundi," Hilla akamsahihisha, bila kucheka.

"Haya, fundi mkuu. Tunaanza na nini?"

"Tunasoma mita ya zamani. Kisha tunachomoa waya wa hasi wa betri, tusije tukaunguza kitu."

"Kumbe shule mnasoma!"

Mita ya zamani ilisoma kilomita laki nne na elfu kumi na mbili. Wakachomoa betri, wakashusha usukani, wakafungua skrubu za fremu. Hilla alipenyeza mkono nyuma ya kibao, akapapasa mpaka akaipata klipu, akaibonyeza, soketi ikaachia. Kile cha zamani kikatoka, kile cha yadi kikaingia mahali pake. Betri iliporudishwa na ufunguo kuzungushwa, taa zote ziliwaka. Mjomba akalizungusha gari uani, na mshale wa spidi ukapanda vizuri.

Lakini kilomita zilikuwa laki moja na elfu themanini na saba. Zilikuwa za lile gari jingine.

"Tazama, bibi kizee amerudi usichana!" Mjomba akacheka.

"Lakini si kweli, Mjomba. Mnunuzi tumwambie."

"Akiuliza, tutamwambia. Asipouliza, hujasema kitu. Na kama hujasema kitu, umedanganya saa ngapi? Baba yako anataka gari liondoke, mwanangu. Tusimwongezee mzigo."

Huku kwetu maneno hayo yana nguvu. Muuzaji mwenye maneno mengi ndiye anayetiliwa shaka. Mkimya ndiye muungwana, na bidhaa yake huaminiwa. Hilla amekulia humo. Alinyanyua mabega, akaenda kumenya viazi. Kusema kweli, hakujali.

Jumapili mchana alikuja mnunuzi, binti wa miaka ishirini na mitatu aitwaye Jonna. Baba aliteremka bandani kupasua kuni ili asimwone. Mjomba akamimina kahawa na kukata mkate mtamu wa iliki, maana gari haliuzwi kwa watu wenye njaa.

"Nimeona mita," Jonna alisema, macho yaking'aa. "Laki moja na elfu themanini na saba tu, kwa gari la umri huu?"

Mjomba akakoroga kahawa. Hilla akatazama maziwa yake. Jonna aliwaona wako kimya, akaridhika, akatabasamu.

"Basi mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, bado una safari ndefu. Afadhali. Baada ya siku nane naanza kazi ya uuguzi. Nimepewa njia ya mama yako, Hilla, mpaka vijiji vya mpakani. Nasikia kule unaweza kuendesha saa nzima usione moshi wa nyumba."

Hilla aliinua macho. Katika daftari la matengenezo ya gari, Mama aliandika mkanda ule ubadilishwe gari likifika laki nne na elfu kumi. Muda wake ulikuwa umepita. Ukikatika, injini inazimika papo hapo, na joto la ndani ya gari linakatika nayo. Akamwona Jonna katikati ya msitu, alfajiri, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, simu haina mtandao. Kitu kikamchoma kifuani. Kiliuma kwelikweli, akashangaa kwamba bado anaweza kuumia.

Akatoka bila koti. Akarudi na daftari la matengenezo kutoka kwenye kijidroo cha gari, akaliweka mbele ya Jonna.

"Mita si yake. Tuliibadilisha jana, kwa mikono yangu hii. Gari limetembea laki nne na elfu kumi na mbili. Mkanda umechoka, dada. Usiende nao."

"Hilla!" Mjomba akafoka.

"Mjomba, ukikatika kule, atakufa kwa baridi."

Jonna akamgeukia Mjomba. "Ungeniacha niondoke nalo?"

Mjomba akasukuma kikombe kando. Uso ukamwiva. "Dada yangu angenivuta masikio," alisema. "Nisamehe, binti. Mkanda wenyewe sikuukumbuka. Nitaubadilisha kabla hujaanza kazi, bure."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia kuni. Amesikia yote. Akazitua, akalichukua daftari, akalifunua polepole. Kila ukurasa ulikuwa na mwandiko wa Mama.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Wewe, Reijo, umeifupisha kwa kilomita laki mbili na ushee."

Jonna akashindwa kujizuia, akacheka. Hata Mjomba.

"Hilla, dunia ukiizunguka ni kilomita elfu arobaini," Baba akaendelea. "Mama yako ameizunguka mara kumi, na hakutoka nje ya wilaya hii. Mara kumi, kwa ajili ya kuwafunga wazee vidonda. Hizo ndizo tulizotaka kuzificha kama aibu."

Akamkabidhi kalamu. Chini ya mstari wa mwisho wa Mama, Hilla akaandika tarehe, kwamba mita imebadilishwa, namba ya zamani na namba mpya. Akatia sahihi. Chozi likadondokea namba ya mwisho.

"Nitalichukua," Jonna akasema taratibu. "Mkanda ukishabadilishwa."

Baba akavuta kiti, akaketi kando ya binti yake. "Kunyamaza nimekufundisha mimi, na kwa miezi minne sasa nimezidisha. Sikia, mwanangu. Kimya ni kizuri mtu anapopumzika. Lakini ukinyamaza huku mwenzako anaamini lisilo kweli, umemdanganya, tena kwa uvivu, maana hata mdomo hukuufungua. Na ukinyamazia maumivu yako ukasema hujambo, hapo pia unadanganya. Mimi hiyo 'sijambo' ya uwongo nimeisema tangu Oktoba."

"Hata mimi, Baba," Hilla akasema, na akalia kwa sauti, na Baba naye akalia, mbele ya mgeni, bila haya.