Doa la Kijani kwenye Kabureta

Nina umri wa miaka sitini na mitatu. Mimi ni mgane, dereva mstaafu wa serikali, na naishi Hombolo kwenye nyumba ya vyumba vinne ambayo natumia kimoja tu. Wanangu wapo Mwanza na Dar es Salaam, hunipigia simu Jumapili. Haya ninayowaandikia hata wao hawayajui.

Sitaanza kwa kujitetea. Nimeshajitetea sana mbele ya ukuta wa sebule yangu, na ukuta haujanijibu kitu.

Rafiki yangu aliitwa Juma. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa nafaka pale Majengo, Dodoma mjini, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Tulijuana nikiwa bado kazini, siku gari la ofisi liliponizimikia mbele ya duka lake. Alitoka na bisibisi, akanisogeza pembeni utadhani gari ni lake. Lilipowaka alirudi dukani bila hata kungoja asante. Kesho yake nikampelekea zabibu, na tangu hapo tukawa ndugu.

Tulikuwa na ugonjwa mmoja, landrova za zamani za kijeshi. Si magari haya ya siku hizi yenye viyoyozi. Nazungumzia zile za bodi ngumu, kioo cha mbele kinalazwa juu ya boneti, zilizochakaa hadi zikaishia mnadani pamoja na vyuma vingine. Tulinunua mbili, moja yake, moja yangu, tukazivuta hadi uani kwangu kwa sababu yeye mjini hakuwa na nafasi.

Tukajiwekea utaratibu. Jumamosi hii tunashughulikia gari langu, Jumamosi ijayo lake. Na kwa kuwa yalifanana kama mapacha, kila kifaa tulichofungua tulikipaka doa la rangi. Vya kwake kijani, vya kwangu nyeupe. Kifaa chenye kijani hakiingii kwenye gari langu, hata tukwame vipi. Sheria hiyo aliitunga Juma. Alisema wapenzi wa magari haya huanza kwa kuazimana boliti wakaishia hawasalimiani. Nilimcheka sana siku ile.

Mke wangu alipofariki, Jumamosi hizo ndizo zilizonishikilia. Juma hakunipa pole nyingi. Alinipa kipande cha msasa, akanionyesha mlango uliooza kwa kutu, akasema, "Sugua hapa." Nikasugua huku nalia, naye akajifanya anatafuta spana.

Alikuwa na ndoto moja tu kuhusu lile gari. Alipokuwa mtoto, baba yake aliendesha gari kama lile, na siku moja alifika nalo kijijini kwao, akampakia mbele. Hakuwahi kuisahau safari ile. "Likitembea," aliniambia, "wewe utaendesha mpaka Kondoa. Mimi nitakaa kushoto, nisifanye kitu chochote."

Mwaka jana miguu ikaanza kumvimba. Ni moyo, madaktari walisema. Akalazwa hospitali ya Mvumi, karibu na bintiye Zainabu anayefundisha shule huko. Siku ya kuondoka alinishika mkono. "Yohana, lile gari limalizie. Nataka niende nalo Kondoa nikiwa bado naona njia."

Lilikuwa limebakiza breki na nyaya za umeme. Jumamosi tatu, nne hivi, basi. Nilimwahidi bila wasiwasi wowote.

Hapo ndipo walipotokea wale watu wa maofisini... Walikuwa na kikundi chao cha wapenzi wa magari ya zamani, watu wa heshima waliohamia Dodoma na kazi za serikali. Mmoja wao aliona gari langu akipita, akawaita wenzake. Walijaa uani kwangu na simu zao. "Mzee, wewe ni legend," waliniambia. "Hii kitu ni noma, lazima iongoze msafara wetu wa bwawa la Hombolo."

Ndugu msomaji, utanicheka. Lakini tangu mke wangu azikwe, hakuna mtu mwingine zaidi ya Juma aliyekuwa ameingia ua ule kwa ajili yangu. Usiku ule nililala nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Tatizo ni kwamba gari langu halikuwa tayari. Kabureta ilivuja, rejeta ilitoboka, na giaboksi ilinguruma vibaya. Nilizunguka mjini kote kutafuta spea, nikapiga simu hadi Morogoro, hakuna. Msafara ulikuwa wiki mbili mbele. Na hatua tatu kutoka nilipokuwa nimesimama, chini ya turubai, lilikuwa gari la Juma lenye kila nilichohitaji.

Nilianza na kabureta. Naazima tu, nilijiambia, nikirudi kutoka bwawani naifungua. Kumbe mkono ukishazoea hauoni haya! Siku ya pili nikachukua rejeta. Jumamosi iliyofuata, ambayo kwa utaratibu wetu ilikuwa ya Juma, nilishinda chini ya gari lake nikishusha giaboksi. Yale madoa ya kijani sikuyafuta. Nilijiona mwaminifu kwa kutoyafuta, fikiria.

Siku ya msafara niliongoza. Kabla hatujaondoka walinitaka nisimame mbele ya boneti iliyo wazi, wakanipiga picha nyingi, nami nikavuta tumbo ndani. Tulipofika bwawani wakaniomba nionyeshe uwezo wa gari kwenye mchanga. Nikajionyesha. Nikaingiza gia kwa ubabe ambao Juma asingeuvumilia hata dakika moja, na nikasikia meno ya giaboksi yakisagika.

Ilikuwa giaboksi ya Juma...

Walinivuta kwa kamba hadi nyumbani, wakanipa pole, wakaahidi kuja. Hawakuja. Baada ya muda nilisikia wamempata mzee mwingine mwenye gari zuri zaidi. Siwalaumu. Hawakuniahidi udugu, ni mimi niliyeuona mahali ambapo haukuwepo.

Nilikwenda Mvumi kumwona Juma mara nne. Mara ya kwanza aliniuliza, "Gari langu linaendeleaje?" Nikamwambia limebakiza breki tu. Alinitazama kidogo. "Hakuna jingine?" Nikamjibu hakuna. Nikabadili mazungumzo, nikazungumzia mvua.

Mara ya pili aliuliza tena, kwa maneno yale yale. Nilijibu vilevile. Mara ya tatu nilikuwa nimekwenda nimejiandaa kusema ukweli, kweli kabisa, nikaukariri njia nzima. Kisha nikamkuta amekaa kitandani, amechangamka, akanipa nafasi pembeni yake na kuuliza, "Una la kuniambia, Yohana?" Nikamwambia bei ya mahindi imepanda.

Mara ya nne hakuuliza kuhusu gari. Aliniuliza kama nakula vizuri.

Alifariki Alhamisi. Kondoa alikwenda, lakini amelala nyuma ya gari la kukodi, nami nipo kwenye basi dogo na waombolezaji, nimekumbatia mfuko wa nguo. Njia nzima nilikuwa natazama upande wa kushoto wa barabara, vile vilima ambavyo angeviona kama angekaa kwenye kiti chake. Sikulia. Niliona sina haki hiyo.

Baada ya maziko Zainabu alinifuata nilipokuwa nimekaa nyuma ya nyumba. Siku zote aliniita baba mdogo. Siku ile alisema, "Shikamoo, mzee." Nikajua hapo hapo kwamba anajua.

Akanieleza taratibu, bila hasira. Picha yangu ya msafara ilisambaa kwenye simu, ikamfikia, naye kwa furaha akamwonyesha baba yake. Juma akaomba aikuze. Akaweka kidole kwenye madoa ya kijani. "Kabureta yangu hiyo," alisema. "Na rejeta." Zainabu alitaka kunipigia simu saa ile ile.

"Baba alinikataza," aliniambia. "Alisema, 'Usimuulize. Atakuja kuniambia mwenyewe. Mimi nimeshamsamehe, nataka tu aseme.'"

Hiyo ilikuwa kabla ya safari yangu ya kwanza Mvumi!

Mnaelewa, wasomaji? Mara zote alikuwa anajua. Kila aliponiuliza alikuwa ananifungulia mlango, na kila mara niliufunga kwa maneno ya mvua na mahindi. Alikufa akinisubiri. Gari angeweza kulikosa, alishajua amelikosa. Alichokuwa anakisubiri ni mimi, nami nilikuwa nimekaa pale pale pembeni ya kitanda chake.

Nilirudi Hombolo, nikaanza kazi. Meno ya giaboksi niliyapata Singida kwenye gari lililokufa, baada ya miezi ya kutafuta. Kila chenye kijani nikakirudisha kilipotoka. Breki, nyaya, vyote nikamaliza. Kisha nikaliendesha hadi Kondoa peke yangu, mwendo wa taratibu, kiti cha kushoto kitupu. Nilikuwa nimekifuta vumbi asubuhi, sijui kwa nini.

Zainabu, aliyekuja kutoka Mvumi kunisubiri kwao, alipokea funguo. Alinikaribisha chakula, akanishukuru kwa adabu zote, "Asante, mzee." Nikarudi kwa basi.

Gari langu liko juu ya mawe, halina kabureta, halina giaboksi. Sina hamu nalo. Lakini Jumamosi bado natoka uani na kiti changu, na bado nahesabu, hii yangu, ile yake. Ikiwa yangu nafagia fagia, napaka grisi mahali pasipohitaji. Ikiwa ya Juma nakaa tu, maana gari lake halipo na yeye hayupo.

Nawaomba, msipite nilipopita mimi. Kama umechukua cha mtu aliyekuamini, huenda anajua tayari. Huenda amekwisha kukusamehe, na anakuuliza habari za gari, za shamba, za watoto, akingoja tu useme. Nenda ukamwambie wakati bado anauliza. Mimi leo ningesema yote, neno kwa neno, na leo ni Jumamosi ya Juma, na hapa uani hakuna anayeniuliza kitu.