Wino Uliokataa Kuisha

Wino ulikuwa umeisha tangu Jumatatu, na Alhamisi printa ilikuwa bado inachapa.

Fundi wa ofisi ndiye aliyeligundua hilo kwanza, na wala hakushtuka. Alifurahi. Ofisi ile ilitoa vyeti vya kuzaliwa, foleni ilifika mpaka barabarani, na vyeti vyote vilitoka kwenye printa moja kuukuu iliyokwisha kufa na kufufuliwa mara nyingi. Kompyuta nne zilizobaki nazo zilikuwa hai kwa viungo vya marehemu: feni ya hii, waya wa ile, kibodi ya nyingine iliyolala stoo. Mkuu wa ofisi walimwita Bajeti, kwa sababu hata ukimwomba msumari angekujibu kwa upole kwamba bajeti hairuhusu. Kiti chake cha kuzunguka kilikuwa kimebadilishwa mara mbili mwaka ule, lakini hilo halikuwa la kusemwa kwa sauti.

"Inachapa bila wino?" Bajeti akauliza, akikigeuza cheti mkononi. "Basi usiiguse, bwana. Una mkono wa baraka wewe."

Mchapaji alikuwa mdogo wake fundi, dada yake wa tumbo moja. Wazazi walikuwa wamefariki zamani. Fundi ndiye aliyemlea, akamsomesha uchapaji, na hata kazi ile alimwombea yeye. Walikuja kazini pamoja, wakala mchana kwenye bakuli moja, na kutwa nzima walitaniana mpaka wenzao wakachoka kuwasikiliza.

"Kaka, husikii harufu?" dada akamuuliza Ijumaa. "Hizi karatasi zinanuka nywele zilizoungua."

Fundi akanusa. Zilinuka kweli.

"Ni uzee wa mashine," akasema. "Na wewe usiicheke, maana una mvi hapo nyuma ya sikio."

Dada akadhani ni utani, akajitazama kwenye kioo cha mkoba. Kilikuwa kishungi kizima cheupe. Akasema ndiyo faida ya kufanya kazi na kaka mwenye kelele, wakacheka wote wawili.

Jumatatu hawakucheka. Dada alikuja amejifunga kitambaa mpaka kwenye paji la uso, na alipokifungua stoo, mlango ukiwa umefungwa, kichwa chote kilikuwa cheupe. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Nyusi zake nazo zilikuwa zimefifia kiasi kwamba uso wake ulionekana mtupu, na fundi alipotazama chini aliona kivuli cha dada yake sakafuni kimepauka, chake mwenyewe kikiwa cheusi pembeni yake. Hakumwambia.

Alipobaki peke yake aliifungua printa. Kasha la wino lilikuwa jeupe ndani, kavu, safi, halina hata alama ya kidole. Akalichomoa, akalitia mfukoni. Printa ikavuta karatasi na kuchapa cheti cha mtoto wa kike wa mtu aliyekuwa akisubiri dirishani, maandishi meusi ti, na mvuke wa ile harufu ukampanda puani.

Mchana ule umeme ulikatika. Feni zikasimama, taa zikazimika, watu kwenye foleni wakaguna, na katika ule ukimya fundi alisikia kutoka chumba cha uchapaji karatasi ikivutwa taratibu, ikisita, ikivutwa tena, kama mgonjwa anayehema, akaenda akiwa ameshika ukuta, akakuta dada ameketi mbele ya kompyuta iliyozimika, mikono mapajani, na printa mbele yake inachapa, waya wake wa umeme ukining'inia mezani bila kuchomekwa popote.

"Kaka," dada akanong'ona, "umewasha nini? Mbona kuna ukungu humu?"

"Hakuna ukungu."

"Upo. Sikuoni vizuri."

Akamwinua kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani. Mboni za macho ya mdogo wake, zilizokuwa nyeusi tangu alipombeba mgongoni, zilikuwa zimegeuka rangi ya majivu.

Hapo ndipo fundi alipoogopa hasa, na pamoja na hofu ikaja kumbukumbu. Wiki mbili nyuma ubao wa umeme wa printa uliungua, na Bajeti alikuwa amejibu kama kawaida yake. Fundi akaenda kwenye jengo moja lililohamwa, ambalo waliohama hawakupenda kueleza sababu, akachomoa ubao kwenye printa iliyoachwa huko chini ya vumbi, akaja kuufunga. Wino ulipoisha, ujumbe ulijitokeza kwenye kompyuta ya dada. Fundi alikuwa akizima jumbe ishirini za namna ile kwa siku: wino umeisha, karatasi imekwama, endelea, ndiyo, ndiyo. Hakuna fundi anayezisoma. Huu ulikuwa na nafasi ya kujaza jina, akajaza la dada yake kama alivyojaza siku zote, kwa kuwa yeye ndiye mtumiaji wa mashine, akabonyeza ndiyo huku akizungumza na mtu mwingine. Sasa ndipo maneno yalipomrudia, akakumbuka kwamba yalikuwa ya Kiswahili, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kusema Kiswahili tangu inunuliwe. *Wino umeisha. Niendelee kwa weusi wa nani?*

Alijaribu kuiondoa mwenyewe. Aliibeba printa mpaka stoo, akaufungua ule ubao na kuutoa, akafunga mlango kwa kufuli, na kabla hajafika mwisho wa ukumbi akasikia karatasi ikivutwa nyuma yake.

Mfagizi ndiye aliyemwelekeza kwa mganga. Mganga alikuja kesho yake saa ya chakula, mama wa makamo mwenye mkoba wa sokoni, akapita mbele ya Bajeti kama mtu aliyekuja kufuata cheti. Huko stoo hakuchoma kitu wala kupiga kelele. Aliiwekea printa kiganja, akakiondoa upesi, akakifuta kwenye nguo.

"Hiki hakikuvunja mlango, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Kilikaribishwa. Nani alikiandikia jina?"

"Mimi, mama." Fundi alishindwa kumtazama dada, aliyekuwa ameketi kwenye boksi, macho wazi, akifuata sauti zao kwa sikio. "Sikusoma."

"Nikiivunja je?" fundi akauliza.

"Ukiivunja, ilichochukua kinapotea nayo. Atabaki hivyo hivyo." Mganga akashusha pumzi. "Jini la namna hii halifukuzwi. Hubadilishiwa jina, limrudishie wa kwanza lilichochukua, lishibe kwa wa pili, liende. Aliyeandikwa bila kujua huchukuliwa kidogo kidogo. Anayejiandika kwa hiari yake huchukuliwa mara moja."

"Litachukua nini?"

"Sijui. Huenda nywele tu. Sitakudanganya."

Fundi alisimama pale, na tusimsifu kupita kiasi: jina la kwanza lililomjia halikuwa lake. Lilikuwa la Bajeti, kwenye kiti chake cha kuzunguka, na lilimjia tamu mdomoni.

"Lazima awe amekubali," mganga akasema, kana kwamba amemsikia.

"Kaka, unataka kufanya nini?" dada akauliza. "Kaka, usifanye. Mvi si kitu, nitapaka rangi. Na macho nitazoea."

"Nyamaza, mdogo wangu."

Akaiunganisha printa na kompyuta mbovu iliyokuwa pale rafuni, isiyo na kumbukumbu wala waya wa umeme, nayo ikawaka. Ujumbe ulikuwa ukimsubiri. Safari hii aliusoma neno kwa neno mpaka mwisho, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akapiga moyo konde, akabonyeza ndiyo.

Printa ikavuta karatasi. Ikachapa polepole mno, ikichapa ukurasa mweusi mtupu, ukingo mpaka ukingo, na harufu ikajaa stoo mpaka mganga akajiziba pua na dada akaanza kukohoa, ukurasa ukaendelea kutoka, ukaendelea, ukadondoka sakafuni. Kisha mlio ndani ya mashine ukakoma na harufu ikakatika. Ikabaki chuma na plastiki, baridi.

"Kaka," dada akasema. Alikuwa amesimama, amejishika nywele zake, nyeusi mpaka mabegani. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Kaka, naona. Nakuona."

Fundi akatabasamu, akafungua mikono yake miwili kumkumbatia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Njoo basi, mdogo wangu."

Dada hakusogea. Alimtazama kaka yake amesimama pale, nywele zake nyeusi vile vile, mboni zake nyeupe, uso wake umejaa furaha, akiutabasamia ukuta.

"Kaka," akasema. "Niko huku."