Pikapu Iliyobembelezwa

Seremala alikuwa na pikapu ya dizeli, na pikapu ilikuwa na seremala. Ndivyo mkewe alivyowaambia majirani. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake mwenyewe, mzee huyo aliipangusa vioo, akaipapasa boneti, akaiuliza imeamkaje. Kisha aliiwasha na kwenda nayo polepole hadi karakana, mwendo wa dakika tano. Gia ya pili, ikizidi sana ya tatu. Kuku walivuka barabara mbele yake bila hata kuongeza hatua.

"Siku moja utapitwa na kivuli chako," mkewe alimwambia.

"Acha niitunze," mzee alijibu. "Injini hii ikilia, mimi ndiye ninayeumwa."

Miaka sita aliitunza hivyo.

Mwaka huo alipata kazi kubwa: madawati arobaini ya shule iliyo juu ya kilima. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakaa sakafuni na kuandikia magotini. Shule ingefunguliwa Jumatatu, na mzee alikuwa amemwahidi mwalimu mkuu kwamba siku hiyo hakuna mtoto atakayekaa chini. Lori halikuweza kupita kona za kilima kile. Ni pikapu tu.

Alhamisi asubuhi alipakia madawati kumi. Mkewe akapanda kiti cha mbele. Chini ya kilima gari lilikwenda vizuri. Nusu ya njia, likaishiwa pumzi. Mzee alikanyaga mafuta, injini ikaguna tu, na moshi mweusi ukajaa nyuma. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma.

Mzee akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mkewe akafungua mlango, akaruka, akasukuma jiwe nyuma ya tairi. Alikuwa na miaka sitini na moja, na mpaka dakika ile hakujua kama bado anaweza kuruka.

Mzee alizima injini, akaiwasha tena. Taa ikapotea, nguvu zikarudi. Wakapanda kidogo, nguvu zikakatika tena. Mwishowe waliteremka taratibu, na madawati yao bado nyuma ya gari.

"Imezeeka," mzee alisema walipofika nyumbani. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Na watoto watakaa sakafuni."

Nyumbani hapo aliishi pia mkamwana wao, mke wa mtoto wao wa kwanza; mume wake alikuwa safarini kikazi. Mkamwana huyo alikuwa fundi wa mabasi. Alikuwa na miezi mitatu tu katika nyumba ile, na mzee alimwonea haya. Akitaka kumwambia jambo alipitia kwa mkewe, hata kama wote watatu wako meza moja.

"Mwambie mkwe wako chumvi iko karibu naye."

"Nimesikia, baba," mkamwana alizoea kujibu, ameinamisha uso asionekane anacheka.

Jioni ile ya Alhamisi, mkamwana alipotoka kazini, alimkuta mzee amekaa kando ya pikapu kama mtu anayemuuguza ndugu.

"Inakata ikipanda mlima na mzigo?" aliuliza. "Na ukizima na kuwasha, inarudi?"

"Mwambie ndiyo," mzee alimwambia mkewe.

Walisubiri injini ipoe. Mkamwana akafungua boneti. Kwanza alikagua mipira ya hewa, mmoja mmoja, kama kuna uliopasuka. Yote ilikuwa mizima. Kisha akashika fimbo nyembamba ya chuma kando ya kitu cha mviringo, mfano wa konokono mkubwa.

"Hii ndiyo turbo. Fimbo hii inatakiwa iende na kurudi laini." Akaivuta. Ikaenda kidogo, ikagoma. "Imekwama. Mama, kitendawili."

"Tega," alisema mama mkwe. Vitendawili alivipenda kuliko chai.

"Namlisha moshi, ananitemea upepo."

"Baba mkwe wako akikoroma."

Mzee alikohoa. Mkamwana alicheka mpaka akashika boneti.

"Turbo, mama. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu dogo upande huu. Gurudumu hilo limeungana na mwenzake upande wa pili, ambalo linavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri, gari linapata nguvu. Kulizunguka gurudumu la moshi kuna mabawa madogo yanayofunguka na kujifunga. Hayo ndiyo yameganda kwa masizi."

"Masizi yametoka wapi?"

Mkamwana alisita. "Gari linaendeshwaje?"

"Kama limebeba mayai ya watu," alisema mama mkwe.

"Basi ndiyo hayo. Safari fupi, mwendo mdogo, injini haipati moto wa kutosha. Masizi yanajikusanya mpaka mabawa yanashindwa kucheza."

Mzee aliinuka. Alikuwa ameumia. "Mwambie mimi niliitunza."

"Najua, baba," mkamwana alisema taratibu. "Umeitunza kuliko gari lolote nililowahi kuona. Lakini hii inataka kukimbia mara moja moja ili isafishe kifua chake. Jumamosi niko nyumbani. Tutaifungua."

Ijumaa jioni mkamwana alipulizia nati zote za turbo dawa ya kulegeza kutu, akaziacha zinywe usiku kucha. Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, alichomoa waya wa betri. Akawapa wote glovu, miwani ya kazi na barakoa, kwa sababu masizi si ya kuvuta puani. Kazi ilifanywa nje, penye hewa, mbali na jiko.

"Mwambie kabla hajafungua kitu achore alama," mzee alisema.

"Ndilo nililotaka kulisema, baba."

Mzee akachora mstari kwa msumari mahali vipande viwili vinapokutana, ili virudi vilevile. Kisha akaleta ubao aliotoboa matundu, na kila bolti iliyotoka aliichomeka mahali pake, akaandika kwa penseli imetoka wapi. Mkamwana aliutazama ubao ule kwa muda.

"Kule kwetu tunazitupa zote kwenye kopo," alisema.

Alifungua mipira ya hewa, kisha bomba la moshi, kisha mabomba mawili ya oili. Kila tundu lililobaki wazi aliliziba kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, alisema, injini nzima imekwenda. Saa mbili baadaye turbo ilikuwa juu ya benchi la seremala, nyeusi kama chungu. Akalitenganisha lile umbo la konokono, wakaona ndani.

Gurudumu lilikuwa dogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja. Mkamwana aliligusa kwa ncha ya kidole. Likazunguka, likazunguka, bila sauti yoyote.

"Likiwa kazini linazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika."

Mama mkwe akavua barakoa ili asikie vizuri, akaambiwa airudishe.

"Laki?"

"Na zaidi, mama. Huku moshi wa moto mkali unapita juu yake."

"Linakaa juu ya nini?" mama mkwe alinong'ona.

"Juu ya oili. Utando mwembamba kuliko unywele. Chuma hakigusi chuma. Ndiyo maana oili chafu inaua turbo."

Mzee aliinama mpaka pumzi yake ikagusa chuma. Miaka arobaini alikuwa amechonga miti, akijiona anajua kazi ya mkono. Sasa alitazama zile kingo nyembamba zilizojikunja kama ua linalotaka kuchanua, akawaza kwamba kitu hiki kilikuwa kikimsukuma kila siku, naye hakujua hata kipo. Alikuwa akipapasa boneti tu.

Moyo wake ukataka kukisaidia. Akafungua droo, akatoa msasa laini kabisa, ule wa kumalizia meza, akaunyoosha kuelekea gurudumu.

Mkamwana alimdaka mkono.

"Hapana, baba. Gurudumu hili limepimwa uzito kila upande. Ukilikwaruza kidogo tu, kwa mwendo ule litajivunja lenyewe. Tunasafisha mabawa na nyumba yake. Gurudumu haliguswi."

Mzee aliutazama mkono wa mkwe wake juu ya mkono wake. Akaurudisha msasa kwenye droo.

Mkamwana alipulizia mabawa dawa ya kuyeyusha masizi, akiziba katikati kwa kitambaa ili dawa isiingie kwenye beringi na kuondoa oili. Aliacha dawa ikae. Akasugua kwa mswaki mkuukuu. Hakutumia bisibisi wala brashi ya waya. Akafuta, akapulizia tena. Masizi yalitoka kama uji mweusi. Mara ya nne, bawa moja likatikisika. Mara ya sita, alishika pete inayoyaunganisha, akaizungusha.

Mabawa yote yakafunguka kwa pamoja. Akairudisha, yote yakajifunga. Hakuna lililotangulia, hakuna lililochelewa.

"Mwanangu," mzee alisema, "rudia."

Mke wake akageuka kumtazama. Mkamwana hakuinua kichwa, alirudia tu. Yakafunguka, yakajifunga, kama kope za mtu anayeamka.

"Niachie na mimi. Nani alikaa akawaza jambo hili, mwanangu? Alikaa wapi?"

"Sijui, baba. Mimi mwenyewe kila nikiifungua, najiuliza."

Kabla ya kufunga walilipima gurudumu. Mkamwana alimwonyesha mzee jinsi ya kushika ncha ya mhimili. Ukicheza kidogo upande kwa upande, si neno. Ukisogea mbele na nyuma, au mapanga ya gurudumu yakigusa ukuta wa nyumba yake, usafi hausaidii. Hapo mpelekee fundi mwenye vifaa. Huu ulikuwa mzima. Vilevile alimkataza kugusa kijiskrubu cha pembeni, kwa maana kimepangwa kiwandani.

Waliirudisha turbo kwa gasketi mpya, kila bolti kutoka tundu lake ubaoni. Wakabadilisha oili ya injini na chujio. Mkamwana akamimina oili kidogo kwenye tundu la juu la turbo, isianze kazi ikiwa kavu. Alipoiwasha, waliiacha ingurume polepole dakika kadhaa, wakitazama kama kuna panapovuja. Hapakuvuja.

Jumapili madawati kumi ya kwanza yalipakiwa. Mkamwana alikaa katikati, mama mkwe mlangoni.

"Baba, hapa sasa usiibembeleze. Gia ya pili, kanyaga."

"Italia."

"Iache ilie."

Mzee alifumba mdomo, akakanyaga. Injini ikapiga kelele ambayo hakuwahi kuiruhusu. Kisha, nusu ya njia, mahali lilipogoma Alhamisi, alisikia mluzi mwembamba, na kiti kikamsukuma mgongoni kama kiganja cha mtu. Kona ya kwanza, kona ya pili. Taa ya njano haikuwaka. Mama mkwe alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, tayari kuruka tena, mpaka alipoliona lango la shule.

Walipanda mara nne. Dawati la mwisho lilipoingia darasani, mwalimu mkuu alitoka nje akifuta mikono, akaona injini bado inanguruma na dereva amesimama kando.

"Mzee, umesahau kuzima."

"Sijasahau. Ukishapanda mlima unaiachia dakika mbili. Humo ndani kuna gurudumu dogo linalopunguza mwendo, na ukizima ghafla, oili inaliacha likiwa bado na moto. Na kila Ijumaa nitaipeleka barabara kuu, nusu saa, injini ichangamke."

"Wewe ni fundi wa magari pia?"

"Mimi? Hata kidogo." Mzee alifungua boneti, akamwita mkamwana wake kwa mkono. "Njoo, mwanangu, umweleze mwalimu yale mabawa. Mimi nitayaharibu maelezo."

Mkamwana akaeleza, bila kugusa kitu, kwani injini ilikuwa ya moto. Mwalimu mkuu akainama asikilize. Mzee naye akainama kando yake, ingawa alikuwa ameyasikia yote jana, na mkamwana alipofika kwenye ile laki moja, mzee akashangaa tena kama anaisikia mara ya kwanza.