Sentimita Kumi za Chumba cha Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimchana bibi yake nywele. Jina hilo la utani alipewa kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Tangu miguu ya bibi ilipokataa kumbeba, alilala sebuleni, nyuma ya pazia. Kila alipotoka kitandani kwenda kwenye kiti chake cha magurudumu, baba na mama walimnyanyua pamoja, naye alifumba macho kwa aibu.

Ndiyo maana baba aliamua kuongeza chumba ubavuni mwa nyumba. Fundi alimweleza kwamba jambo kubwa hapo ni upana. Kitanda pamoja na nafasi ya kugeuzia kiti vilihitaji mita mbili kamili. Hapo bibi angeweza kuhama mwenyewe bila kunyanyuliwa. Ukuta ungekula sentimita ishirini. Tisini zilikuwa za njia ambayo walimwahidi jirani kuiacha kando ya ua wake. Jumla ilikuwa mita tatu na sentimita kumi.

Jumamosi baba na Chiriku waliipima nafasi iliyopo kati ya nyumba na ua wa jirani kwa tepu kuukuu. Sentimita zake kumi za mwanzo zilikuwa zimekatika, kwa hiyo katika kila kipimo ilibidi kutoa kumi. Baba alishika mwanzo wa tepu ukutani, Chiriku akasoma upande wa ua. Wakati huohuo wenzake walikuwa wakimwita njiani wakaruke kamba.

"Tatu na kumi," alisema.

"Umetoa kumi?"

"Nimetoa," alijibu, mguu mmoja ukiwa tayari njiani.

Hakuwa ametoa. Alilijua hilo hata kabla hajaanza kuruka, akajiambia kwamba kumi ni upana wa kiganja tu.

Jumatatu aliporudi kutoka shuleni alikuta fundi ameshavuta kamba za kuonyesha kuta, akianzia upande wa ua, na kuchimba msingi. Zege lingemwagwa kesho yake. Bibi aliomba aingizwe ndani ya kamba akionje chumba chake. Fundi akatandika ubao juu ya mtaro wa msingi, akapanga matofali mahali pa kitanda. Kiti kikageuka nusu, gurudumu likanasa kwenye kamba. Wakajaribu tena, likanasa tena.

"Labda nimenenepa," bibi alisema. Kisha akaongeza polepole kwamba hakuna neno, ataendelea kulala nyuma ya pazia.

Baba alimgeukia fundi. Kwa sauti ya chini alimwambia kuwa kipimo alichompa kilikuwa sahihi. Basi nafasi hiyo imekwenda wapi? Fundi aliipima upya njia ya jirani, akapima mtaro, vyote vikawa sawa, akakuna kichwa. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kushukiwa hivyo. Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Chiriku alisogea mbele.

"Baba, fundi hana kosa," alisema. "Sikutoa kumi. Nilisema nimetoa ili niende kucheza."

Kabla ya lolote, baba alimwomba fundi radhi mbele ya wote.

Fundi aliketi juu ya tofali, akachora ardhini kwa kijiti. Upana usingeongezeka: upande huu nyumba, upande ule ahadi. Lakini nyuma kulikuwa na nafasi. Chumba kikirefushwa kwa mita moja, kitanda kingelala kukingama kwenye ukuta wa nyuma, na mbele yake kiti kingegeuka. Ilibidi mtaro wa nyuma ufukiwe, uchimbwe mwingine.

"Kama zege lingekuwa limeshamwagwa humu, binti, ningebaki kukupa pole tu," alisema.

Kwa siku mbili, kila alipotoka shule, Chiriku alishika koleo na kufukia hadi viganja vikafanya malengelenge. Fundi alikuja kusimama kando yake.

"Tepu ya baba yako ni mbovu, lakini ubovu wake tunaujua. Tunatoa kumi, kazi inaenda. Mtu akisema amefanya na hajafanya, hatujui tutoe ngapi. Siku nyingine sema hujatoa, mwanangu. Tutakusubiri."

Jioni ya siku ya pili bibi aliingizwa tena ndani ya kamba. Aliyashika magurudumu mwenyewe, kiti kikazunguka duara zima bila kugusa chochote. Baba alipotaka kumtoa, bibi aliinua mkono.

"Niacheni kidogo," alisema. "Bado nipo chumbani kwangu."