Sauti Iliyombembeleza Mtoto

Haya yalimkuta shoga yangu mshonaji, na si mtu wa kutunga maneno. Alikubali mwanawe wa miezi minne apigwe picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, kwa ajili ya utafiti. Alimnyonyesha hadi akalala, akamfunga shuka, fundo kifuani. Mpiga picha akamlaza ndani ya mashine, akamkaza kwa mikanda, wakatoka, akafunga mlango wa chumba.

"Huyu anajua kulala kuliko mlinzi wetu," akatania.

Wakaketi nyuma ya kioo. Mashine ikagonga kama nyundo kwenye bati. Ilipotulia kidogo, kipaza sauti kikaleta kilio cha mtoto, kisha sauti ya mwanamke: "Shii, shii, mama yupo."

"Kaka, nani yuko naye?"

"Hakuna mtu, mama."

Akabonyeza kitufe cha kuzima. Mashine ikaendelea kugonga. Shoga yangu akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaita mpaka sauti ikamkauka. Haukufunguka.

Kelele zilikoma zenyewe, mlango ukaachia. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mikanda imekazwa vilevile. Wakaifungua, mama akamnyanyua.

Fundo la shuka lilikuwa mgongoni.