Sahihi ya Vitalis Isiyo na Wino

Asubuhi Hedwiga alikuwa kwenye vichanja, akigeuza kahawa kwa kiganja. Zamani kazi hiyo waliifanya wawili. Yeye alisimama upande huu, mumewe Vitalis upande ule, wakichambua punje mbovu na kuzitupa chini. Tangu Machi anazunguka peke yake. Akimaliza upande mmoja anahamia wa pili.

Vitalis alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa pale Ruanda, wilayani Mbinga. Aliugua wiki tatu, akalazwa, akafariki. Mwezi wa Juni ukoo ulikutana kumaliza matanga. Mzee Bartholomayo, baba mdogo wa marehemu, aliuliza kama ilivyo desturi: mwenye jambo lolote na marehemu aliseme leo, mbele ya watu, au anyamaze.

Margareta alisimama. Yeye ni dada yake Vitalis, ameolewa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka uliopita maji ya ziwa yalipanda yakaangusha nyumba yao. Tangu hapo yeye, mumewe na watoto wanne wamejibana kwenye chumba cha jirani. Alitoa karatasi kwenye mkoba. Karatasi ilisema Vitalis amemruhusu dada yake kujenga kwenye nusu ekari, chini ya shamba la kahawa, karibu na kijito.

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Hedwiga, aliangalia chini kabisa, penye sahihi. Sahihi ya mumewe aliijua kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa na mkia mrefu uliorudi chini ya jina, kama mtu anayefagia. Hapa hapakuwa na mkia. Palikuwa na jina kwa herufi za mashine, tarehe, na alama ndogo ya kijani.

"Hii siyo sahihi ya mume wangu," alisema.

"Ni ya kielektroniki, wifi. Alinitumia kwenye simu. Nimeichapisha Mbamba Bay ili wazee waishike mkononi."

"Na wino ulibaki ziwani?"

Watu wachache walicheka, wakakumbuka wako matangani, wakanyamaza.

"Ziwani ilibaki nyumba, wifi," Margareta alijibu taratibu. "Wino sijui."

Mzee Bartholomayo alitoa wiki mbili za kuichunguza karatasi. Karatasi ikionekana ni ya kughushi, Margareta atatajwa mbele ya ukoo, na shauri litapelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mtu aliyeghushi sahihi ya ndugu yake aliyekufa hakaribishwi tena msibani wala harusini.

Hedwiga aliipeleka karatasi Mbinga mjini, kwenye duka la steshenari la Jacqueline. Jacqueline aliipitisha kwenye mashine ya kunakili picha, akafungua picha ile kwenye kompyuta, akatafuta sehemu ya sahihi. Programu ilisema hakuna sahihi yoyote. Hedwiga alirudi nyumbani akiwa ameshinda.

Alimpigia Margareta simu akamwambia. Margareta hakubishana. Alimtumia faili lenyewe, lile alilotumiwa na kaka yake. Hedwiga alilifungua kwenye simu yake, akaona maneno yaleyale na jina lilelile, bila maelezo yoyote. Siku ya pili alirudi kwa Jacqueline. Safari hii programu ya kompyuta iliona sahihi, ikaweka alama ya njano na kuandika kwamba utambulisho wa aliyetia sahihi haujulikani.

Neno hilo lilimchoma. Mume aliyezaa naye, aliyemzika, leo mashine inasema hajulikani. Alijiambia kwamba basi ni ya kughushi kweli.

Kabla ya kwenda kwa mzee alipita ofisi ya chama. Alitaka barua ya kusema kwamba marehemu alikuwa akitia sahihi kwa kalamu. Alimkuta Asteria, karani wa kompyuta, aliyefanya kazi na Vitalis miaka minne. Asteria alimsalimia shikamoo, akampa kiti, akamwacha apumzike. Kisha akasikiliza yote.

"Mama, barua hiyo siwezi kukuandikia," alisema. "Itakuwa uongo. Mwaka jana makatibu wote wa vyama walipewa sahihi za kielektroniki kwa ajili ya mikataba ya kahawa. Katibu alikuwa nayo."

"Sasa mbona kompyuta ya mjini haimjui?"

Asteria alimweleza polepole. Sahihi ya kielektroniki si mchoro wa jina. Jina linaloonekana ni pambo tu, na mtu yeyote anaweza kuliandika. Sahihi yenyewe ni alama za siri zilizofungwa ndani ya faili. Ukichapisha faili, zile alama hazichapiki. Ukipiga picha, hazipigiki. Ndiyo maana kwenye karatasi ya Margareta hazikuwepo, na Jacqueline hakuwa na cha kupima. Simu nayo mara nyingi huonyesha ukurasa tu bila kupima kitu.

"Na ile njano?"

"Njano haikusema ni ya kughushi. Ilisema haimjui. Ni kama mimi nikienda Mbaha. Hawanijui, lakini haina maana kwamba mimi ni mwizi. Kila mwenye sahihi hizi ana cheti, na cheti kinatolewa na shirika. Programu ya mjini haina shirika lililotupa vyeti kwenye orodha ya mashirika inayoyaamini."

Asteria alilihamisha faili kutoka simu ya Hedwiga hadi kwenye kompyuta mpya ya chama, nayo ikaonyesha njano ileile. Hedwiga aliuliza kama basi inatosha kubonyeza pale panaposema iamini. Asteria alikataa. Ukibonyeza hovyo utamwamini hata tapeli. Kwanza upate cheti cha shirika kutoka kwa shirika lenyewe, uhakikishe namba zake. Alichukua kabatini mkataba wa chama na shirika hilo, akapiga namba iliyoandikwa humo. Mtu wa upande wa pili alisoma tarakimu, Asteria akazifuata kwa kidole kwenye kioo hadi ya mwisho. Ndipo akaongeza shirika lile kwenye orodha.

Njano ikageuka kijani. Programu iliandika kwamba sahihi ni halali, ni ya Vitalis, na hati haijabadilishwa tangu ilipotiwa sahihi.

Asteria aliona macho ya Hedwiga hayajaamini. Akatengeneza nakala ya faili, akafuta neno "nusu" kwenye nakala hiyo, akaihifadhi na kuifungua upya. Programu ikaweka alama nyekundu: hati imebadilishwa baada ya kutiwa sahihi.

"Neno moja tu," Asteria alisema. "Wifi yako angegusa hata nukta, tungeona nyekundu."

Halafu akaifungua hati ya kweli kwa njia ya pili, kwenye tovuti ya kuhakiki ya shirika lililotoa cheti. Alimwonya Hedwiga kwamba hati ya familia haipandishwi kwenye tovuti yoyote inayojitokeza mtandaoni, maana hujui nani anaisoma. Tovuti ile ilisema vilevile, ikaongeza kwamba cheti cha Vitalis kilikuwa hai siku sahihi ilipotiwa na hakikuwa kimefutwa.

"Kuna jambo moja mashine haijui," Asteria alisema. "Inajua sahihi yake ilitumika. Haijui kama namba yake ya siri alimpa mtu."

Kwa mara ya kwanza tangu Machi, Hedwiga alitabasamu. "Ile namba? Mimi mkewe alinigeuzia mgongo akiiandika. Nilimwambia unaficha nini, una mke mwingine humo ndani?"

Kisha akauliza kama siku ya kutia sahihi inaonekana. Asteria alibonyeza. Ilikuwa tarehe kumi na moja Februari, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Muda huo, alieleza, haukutoka kwenye saa ya kompyuta, ambayo mtu anaweza kuirudisha nyuma. Umegongwa na shirika.

Hedwiga aliiangalia ile saa. Ilikuwa siku tatu kabla Vitalis hajalala kitandani. Asubuhi ile yeye alikuwa mtelemkoni akipalilia maharage kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, naye mumewe alisema anakwenda chamani mara moja. Jioni alisema ana neno la kumweleza, wakipata nafasi. Hawakupata. Neno hilo sasa lilikuwa mbele yake. Alilia pale ofisini, na Asteria akafunga mlango.

Wiki mbili zilipoisha, Hedwiga ndiye aliyesimama kwanza. Aliueleza ukoo yote aliyoyaona, na Asteria akawaonyesha wazee kijani na nyekundu. Kisha Hedwiga akamgeukia Margareta.

"Wifi, nilikuita mwongo mbele ya hawa. Mbele yao naomba unisamehe."

Mzee Bartholomayo alikohoa. Alisema sahihi imesema kweli, lakini shamba walilima wawili. Bila ridhaa ya Hedwiga, neno la Vitalis ni nusu tu. Asilazimishwe na mtu.

Hedwiga alisema ameridhia. Akasema kahawa isikatwe hata mche mmoja, na mlango wa nyumba uelekee kijito. Akasema pia hati ya ridhaa yake iandikwe siku ileile kwa mtendaji, yeye atie sahihi kwa kalamu, na faili la Vitalis litunzwe lilivyo kwa nakala tatu, moja kwake, moja kwa Margareta, moja chamani.

Mwezi wa Agosti walipima nusu ekari. Margareta alishika ncha moja ya kamba, Hedwiga ncha ya pili.

"Vuta, wifi," Hedwiga alisema. "Unajipunja."

Siku hizi majirani wakipata hati kwenye simu, humpitia Hedwiga kwanza. Wengine huja na karatasi tayari. Yeye huirudisha mkononi mwao, huosha mikono yake ya kahawa, na kuwaomba wamwonyeshe faili lenyewe. Kisha hutembea nao hadi kwa Asteria.