Pikipiki Lililohemea Kibandani

Mahona fundi alipofungua nati chini ya injini amwage oili chakavu, oili ilitoka nyeusi kama kawaida, lakini ilinuka samadi mbichi.

"Luhaga," akasema kwa sauti ya chini, "dude hili ulilinunua wapi?"

"Kwa Mzungu wa mradi wa visima. Fanya kazi yako. Unaogopa oili?"

Hebu nimseme kwanza huyu Luhaga, maana anastahili. Miaka ile ya ruksa, pamba ilipoachiwa kila mwenye mizani, Bariadi ilijaa watu waliolala makarani wa ushirika wakaamka mawakala. Luhaga akawa mmojawao, miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Wanunuzi fulani walimwahidi kituo cha pamba cha Kalemela, mradi afike na usafiri wake siku ya kwanza ya msimu. Mwenye akili angetafuta pikipiki ndogo ya kupita matutani. Yeye akachukua lidude la safari za mbali, kuukuu, masanduku mawili ubavuni, zito hata kulisimamisha anahema. Kisa? Lina kioo mbele! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Luhaga zilinyolewa mapema.

Na ili alipate, aliuza dume la ng'ombe la babu yake. Dume lile jeusi lilipewa jina la marehemu, Mayige, likakaa zizini kwa ajili ya masamva, wazee waliotangulia. Dume la namna hiyo halifungwi jembe wala haliuzwi. Likizeeka hutafutwa jingine jeusi, mzimu wa mzee unaonyeshwa, unahamia humo. Luhaga alilipeleka mnadani bila hata kuaga. Mpumbavu!

Mahona aliendelea kukagua. Cheni ilikuwa imelegea. Akaikaza, akageuka kuchukua plagi, akageuka tena, imelegea vilevile. Betri akaing'oa, akaiweka mezani: imekufa. Kisha, mchana kweupe, kivulini mwa kibanda, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Luhaga, akaweka kiganja kwenye tenki akalikuta na joto la mwili, na chini ya kiganja bati likapanda, likashuka, likapanda tena, taratibu, na kutoka kwenye bomba la moshi ikaja pumzi ndefu yenye harufu ya nyasi zilizocheuliwa, ikamfikia miguuni, ikapanda magotini, mpaka bisibisi ikamponyoka mkononi.

"Limehema," akanong'ona. "Lina jini. Hii si kazi ya fundi."

"Mshamba wewe!" Luhaga akasema, lakini jasho lilikuwa linamtiririka.

Felisita, mke wa Luhaga, alipopata habari alimleta Benedikta, shangazi ya mumewe, mganga wa ukoo. Bibi yule hakumsalimia mtu. Alipiga magoti mbele ya pikipiki, akaliamkia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

Betri ilikuwa bado mezani. Honi ikamjibu, chini chini.

"Baba yangu kakosa pa kukaa, kaingia humo mlimoishia dume lake," Benedikta akasema. "Danford wa Kiloleli ana dume jeusi na anatamani pikipiki. Badilishaneni leo, baba atashuka. Ukikataa atatafuta mchungaji. Usilipande, mwanangu."

"Mume wangu, kubali," Felisita akamsihi, machozi yakimlenga. "Nakuomba."

Luhaga akacheka. "Kesho msimu unafunguliwa. Niende Kalemela kwa miguu, mawakala wenzangu wanicheke? Thubutu!"

Asubuhi akalipanda. Kalemela hakufika.

Jioni Felisita alikuwa langoni akisubiri mifugo, na ng'ombe wakaja kimya, wakajigawa pande mbili kama walivyozoea kulipisha dume, na katikati yao likapita pikipiki, injini imezimwa, hakuna aliyelishika, magurudumu yakizunguka polepole hadi ndani ya zizi, na nyuma yake, peku, fimbo begani, macho hayapepesi, alikuja Luhaga akipiga mluzi ambao Benedikta, aliposikia, aliziba masikio, kwani ulikuwa mluzi wa kuchungia wa marehemu baba yake.

Danford, mtu mwema, alileta dume lake. Halikusaidia kitu.

"Baba keshapata mchungaji," Benedikta akasema. "Ahame aende wapi?"

Tangu hapo kila asubuhi pikipiki linatoka kwenda malishoni, na Luhaga nyuma. Hali chakula wala hasemi. Spoki ilipokatika, ubavu mmoja wa Luhaga ulivunjika siku hiyohiyo. Ndipo Felisita, ambaye hakustahili haya yote, akamrudia Mahona.

"Fundi, njoo ulikague. Kila kitu. Tafadhali."

Mahona alikuja. Akapitia breki, beringi, matairi. Chini ya tenki akakuta kutu imekula bati, karibu litoboke. Akainua shati la Luhaga. Tumboni palikuwa na kidonda chekundu, ukubwa uleule, kimechimba.

"Badilisha hilo tenki basi," Felisita akanong'ona. "Leo hii."

Mahona akafuta mikono.

"Mama, spea za dude hili hazipo Bariadi. Hazipo hata Mwanza."